Shika TV Kwanza: Jinsi ya Kulifikisha Bando la Nyumbani Mwisho wa Mwezi

Mtu akiniambia wifi ya kwake inamaliza bando kabla mwezi haujafika katikati, simwulizi ana simu ngapi ndani ya nyumba. Namwuliza kama wana TV ya kisasa, ile inayoingia mtandaoni yenyewe, na kama imeunganishwa kwenye wifi hiyo hiyo. Akisema ndiyo, nimeshajua pa kuanzia. Wengi hukimbilia kuwanyang'anya watoto simu, nyumba ikajaa manung'uniko, na bando likaisha tarehe ile ile.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo hapa bandarini Tanga mpaka nilipostaafu, na kazi ile imeniachia maradhi ya kutaka kujua kila kilichoingia na kilichotoka. Tunakaa Ngamiani: mimi na mama watoto, binti yetu na wanawe, na mpangaji wa chumba cha uani anayesoma chuo. Wote wifi moja, bando moja. Haya ndiyo ninayowaelekeza majirani wakija barazani jioni na simu mkononi, kahawa ikipita.

Uliza kwanza kikomo kikifika kinafanya nini

Kikomo kina tabia tatu. Kipo kinachokata: bando likiisha, kimya, mpaka ulipie tena. Kipo kinachoshusha kasi: mtandao upo, lakini unatambaa. Na kipo kinachokuacha uendelee huku kikila salio lako la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi. Hicho cha tatu ndicho cha kukiogopa. Ukiulizwa kama unakubali kuendelea bila kifurushi, kataa.

Vifurushi vingi vya nyumbani siku hizi vinauzwa kwa jina la "bila kikomo". Chini yake, kwa herufi ambazo sisi wa miwani hatuzipati, pameandikwa kwamba kuna "sera ya matumizi ya haki". Maana yake kikomo kipo, ila hakikati, kinapunguza. Nilipokwenda kununua changu, kijana wa kaunta aliniambia, "Mzee wangu, hii bila kikomo kabisa, angalia mpira mpaka alfajiri." Nikamwambia, vizuri mwanangu, basi niandikie maneno hayo hayo nyuma ya risiti na utie sahihi. Akatabasamu, akaingia ndani kumwita mkubwa wake. Mkubwa ndiye aliyetoa habari kamili: GB 120 za mwanzo kwa kasi yote, zikiisha kasi inashuka mpaka Mb 1 kwa sekunde hadi siku 30 zitimie. Hapo tukaelewana, nikalipa.

Kwa hiyo ukifika kaunta, uliza hivi: GB ngapi ni za kasi kamili, na baada ya hapo kasi inakuwa ngapi kwa namba, si "inapungua kidogo". Siku zinahesabiwa tangu saa niliyolipia au tangu tarehe 1. Kuna saa za usiku zisizohesabiwa au hakuna. Na nikilipia tena kabla muda haujaisha, GB zilizobaki zinasogezwa mbele au zinapotea. Akishindwa kujibu, mwombe amwite mkubwa wake. Wapo.

Wala msidhani ni mambo ya kwetu tu. Kampuni ya Comcast kule Marekani iliweka kikomo cha GB 250 kwa mwezi mwaka 2008, baadaye ikafika TB 1.2, yaani GB 1,200, na aliyezidisha alitozwa dola 10 kwa kila GB 50, mwisho dola 100 kwa mwezi. GB 1,200 kwetu hapa ni bahari. Lakini TV ya 4K, yaani ya picha ya juu kabisa, ikila GB 7 kwa saa, inazikausha kwa mwezi ikiwaka chini ya saa 6 kwa siku. Wingi wa bando hausaidii kama hujui anayekula.

Hesabu moja ya kukariri

Kasi inauzwa kwa megabiti (Mb) kwa sekunde. Bando linahesabiwa kwa gigabaiti (GB). Biti 8 ndizo baiti 1. Kwa hiyo Mb 1 kwa sekunde ikitiririka saa nzima bila kupumzika ni GB 0.45. Ikariri hiyo 0.45, maana inajibu karibu kila swali. Mb 5 kwa sekunde kwa saa moja ni GB 2.25. Kamera ya ulinzi inayopeleka picha mtandaoni mfululizo kwa Mb 1 tu kwa sekunde ni GB 10.8 kwa siku moja, na kupakia kunahesabiwa kama kupakua. Jirani yangu mwenye duka alikuwa akiwashuku vijana wa kijiweni. Nilimwonyesha kamera yake mwenyewe juu ya mlango. Sasa inarekodi kwenye kadi ndani ya kamera, na inapeleka mtandaoni pale tu inapoona mtu anapita usiku.

Sasa tuje kwenye video. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kawaida inakula hadi GB 1 kwa saa, ile safi ya HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Bando langu la GB 120 ukiligawa kwa siku 30 ni GB 4 kwa siku. Kwa picha ya HD hiyo ni saa 1 na dakika 20 kwa siku, nyumba nzima, na simu zote ziwe zimezimwa. Ni sawa na uniti za LUKU: taa ya sebuleni na pasi havili sawa, hata ukiviwasha muda mmoja.

Na hapa ndipo penye siri ambayo kijana wa kaunta hatakwambia. Programu za video hazijui bando lako lina GB ngapi, wala hazijali. Zinachopima ni kasi. Zikiona njia nyembamba, zinashusha picha ili isikwame. Zikiona njia pana, zinaipandisha mpaka mwisho wa uwezo wa TV yako. Ndiyo maana mtu anahama kutoka kifurushi cha kasi ndogo kwenda cha kasi kubwa, watu wale wale, vipindi vile vile, GB zile zile, na bando linaisha mapema kuliko zamani. Anadhani ameibiwa. Hakuna aliyemwibia. TV imepanuliwa njia, ikapita.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujabadilisha chochote, soma mita kwa siku chache. Mita iko kwenye ruta yenyewe. Geuza ruta chini, kuna kibandiko chenye anwani. Kwa ruta nyingi za laini ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1, na neno la siri la kuingilia liko hapo hapo. Ukiwa kwenye wifi ya nyumbani, iandike namba hiyo mahali unapoandika anwani za tovuti. Ukurasa utafunguka. Tafuta palipoandikwa matumizi au takwimu za data. Ruta zilizo nzuri zinaonyesha pia kila kifaa kimekula kiasi gani. Zilizo duni zinaonyesha jumla tu.

Mimi nasoma usiku baada ya Isha, naandika tarehe na namba, natoa ya jana. Basi. Mstari mmoja kwa siku. Baada ya siku chache utaona siku moja imeruka juu kuliko nyingine, na utakumbuka: aah, siku hiyo watoto hawakwenda madrasa, TV ilishinda imewaka.

Ukiwa humo ndani ya ukurasa wa ruta, fungua na sehemu ya SMS. Kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, za mwaka 2021 zinawataka watoa huduma wamjulishe mteja matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100. Na wanajulisha, lakini ujumbe unakwenda kwenye laini ya kifurushi, na laini hiyo umeifungia ndani ya ruta juu ya kabati. Nani atausoma? Nimefungua ruta za watu hapa mtaani nikakuta ujumbe umejaa mpaka hakuna nafasi, onyo juu ya onyo, na mwenye nyumba anaapa kwamba hajawahi kuambiwa kitu. Kama kampuni yako ina programu ya simu, iunganishe na namba ya hiyo laini, maonyo yakufikie wewe.

Kuishika TV

Hapa ndipo kwenye kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Netflix ina mpangilio wa matumizi ya data, lakini hauko kwenye TV. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari cha simu au kompyuta, chagua wasifu, kisha mipangilio ya uchezaji. Utakuta ngazi nne: ya kujiamulia yenyewe, ya chini ambayo ni hadi GB 0.3 kwa saa, ya kati hadi GB 0.7, na ya juu. Chagua ya kati. Zile GB 4 zangu za siku zinazotosha HD ya saa 1 na dakika 20, kwa ngazi ya kati zinafika zaidi ya saa 5. Lakini angalia: mpangilio huu ni wa kila wasifu peke yake. Ukiubadilisha kwenye wasifu wako wewe babu, wa wajukuu umebaki pale pale, na wewe ndiye usiyetazama. Pita kwenye wasifu wote mmoja mmoja.

YouTube ni mkaidi zaidi, na kwa nyumba zetu ndiyo inayokula kuliko Netflix, kwa sababu haina malipo na inajua kuendelea yenyewe. Kwenye simu kuna mapendeleo ya ubora wa video, ambapo wifi ina chaguo lake na data ya laini ina chaguo lake. Weka uokoaji wa data hata upande wa wifi. Kwenye TV, ubora unauchagua kwa video inayocheza wakati huo: bonyeza kitufe cha juu au cha chini, nenda kwenye alama ya gurudumu, chagua 480p (namba hizi za p zikishuka, picha inashuka na data inapungua). Mtoto akifungua nyingine, hakuna anayekumbuka. Zima pia uchezaji wa kujiendeleza, ule unaoleta video inayofuata bila kuombwa. Nyumbani kwetu mpangaji alikuwa akirudi saa 5 usiku anakuta sebule tupu, watu wamelala, na TV inawaonyesha viti katuni.

Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu za watu. Ibane TV kwenye ruta. Katika ukurasa ule ule wa ruta, tafuta sehemu iliyoandikwa "Bandwidth Control" au "QoS". Orodha ya vifaa itatokea. TV yako itatambulika kwa jina la mtengenezaji. Ikiwa haina jina, izime kisha uangalie nani katoweka kwenye orodha. Ikishapatikana, iwekee kasi ya juu ya Mb 2.5 kwa sekunde. Ruta nyingine zitakutaka uandike 2500, maana zinahesabu kwa kilobiti. Hifadhi. Kuanzia hapo TV ikipima njia inaiona nyembamba, inateremsha picha yenyewe. Google wanapendekeza Mb 2.5 kwa sekunde kwa picha ya 720p na Mb 1.1 kwa 480p, kwa hiyo utapata picha safi bila kukwama. Na ile hesabu yetu ya 0.45 inakwambia kwamba kwa njia hiyo TV haiwezi kuvuka GB 1.13 kwa saa, hata ikitaka. Ilale imewaka saa 8, haivuki GB 9. Bila kubanwa, kwa HD, ingekuwa GB 24.

Ruta isipokuwa na sehemu hiyo, tazama kama ina mtandao wa wageni. Baadhi zinaruhusu kuuwekea kasi huo wa wageni peke yake. Basi TV ihamishie huko, iwe mgeni wa kudumu.

Mtasema, babu, picha si itakuwa mbaya? TV yetu ni ya inchi 32, na watu wanakaa mkekani upande wa pili wa sebule. Niliibana asubuhi, watu wakiwa jikoni na mbaazi na mahamri. Jioni mama watoto akatazama tamthilia yake tangu mwanzo mpaka mwisho, akalia alipotakiwa kulia, hakusema neno. Binti yangu ndiye aliyegundua, tena kwa mpira tu: namba mgongoni mwa mchezaji zilikuwa na ukungu kamera ikiwa mbali.

Na kuhusu mpira, sina subira na mtu anayetazama mechi kwa bando ilhali ana dekoda ndani. Dekoda ya dishi au ya antena haigusi bando hata kidogo. Mawimbi yanakuja hewani, watazame watu wawili au ishirini, gharama ni ile ile. Mechi ya dakika 90 pamoja na mapumziko na maneno ya wachambuzi ni saa 2 na zaidi, na mpira ndiyo picha inayotaka data nyingi kwa sababu kila kitu kinatembea. Mechi ipelekwe kwenye dekoda. Coastal Union wakicheza Mkwakwani, nendeni Mkwakwani, mtu atoke ndani.

Kuna kingine kinachonikera. Asubuhi unapita nyumba ya mtu, TV inapiga taarabu za zamani au qaswida kupitia YouTube, picha ya juu kabisa, na mwenye nyumba yuko uani anafua. Anasikiliza tu. Sauti yenyewe kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde haifiki MB 60 kwa saa. Picha anayoipa mgongo inakula mara ishirini au thelathini ya hiyo. Kama unataka kusikiliza, sikiliza kwa simu iliyounganishwa na spika, tumia programu ya sauti au redio, au angalau shusha video mpaka 144p. Hakuna anayeitazama.

Simu na kompyuta: zinadhani wifi ni bure

Simu imefundishwa kwamba data ya laini ni ya kuonea huruma na wifi ni ya bure. Ikishika wifi inaanza kusasisha programu, inapeleka picha na video za harusi zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp inapakua kila kilichorushwa kwenye kundi la ukoo. Dawa ni kuiambia kwamba wifi hii nayo inahesabiwa. Kwenye Android nyingi, ingia mipangilio, wifi, gusa jina la mtandao wa nyumbani, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, uuweke kama mtandao unaopima data. Kisha washa Kiokoa Data. Kwenye iPhone kuna hali ya data ya chini, nayo iko kwenye mipangilio ya wifi ile ile. Kwenye WhatsApp, ingia hifadhi na data, uzuie video kupakuliwa zenyewe kwenye wifi, picha ziache.

Kompyuta ya Windows nayo ina mpangilio wa kuifanya wifi iwe ya kupimwa. Kwa mpangaji wetu huo peke yake ulitosha. Ila zima pia ule utaratibu wa kugawa masasisho kwa kompyuta nyingine kupitia intaneti. Ukiwa umewashwa, kompyuta yako inatumia bando lako kuwahudumia watu usiowajua.

Michezo ya kompyuta sitaieleza sana. Mchezo mkubwa mmoja unaweza kuwa GB 50 na zaidi kuupakua. Kwa bando langu mimi, jibu ni hapana.

Jirani akiomba neno la siri

Huku kwetu mtu akija na shikamoo yake akakuomba wifi azungumze na mwanawe aliyeko Maskati, humwambii hapana. Na hakuna sababu ya kumnyima, simu ya video ya nusu saa ni kitu kidogo mbele ya filamu. Shida ni kwamba simu za siku hizi zinaonyesha neno la siri kama mraba wa vidoti, mwingine anaupiga picha kwa kamera na kuingia. Umempa mama mtu mzima. Kesho wajukuu zake wote wako nje ya dirisha lako wamechuchumaa.

Washa mtandao wa wageni, uupe jina na neno lake la siri, uuwekee kasi ya Mb 1 kwa sekunde kama ruta inaruhusu, na uuzime usiku. Kasi hiyo inatosha mazungumzo ya video yasiyo ya mbwembwe, na haivutii mtu kukaa dirishani. Neno la siri la mtandao wenu wa ndani libadilishe, na baada ya hapo libaki kwa watu wa ndani. Hukumnyima mtu, na hukugombana na mtu.

Mtandao ukiwa mzito, usikimbilie kulaumu kikomo

Kwanza soma mita. Kama bando bado, si kikomo. Kikomo kina alama yake: kasi inakuwa ile ile ndogo saa zote, saa 3 usiku na saa 10 alfajiri hakuna tofauti. Msongamano wa watu ni kinyume chake: kuanzia saa 2 usiku unazunguka tu, alfajiri unaruka. Na mara nyingine tatizo liko mbali kuliko Tanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, nchi nzima ikayumba; siku kama hiyo hata ukinunua bando jipya umetupa pesa. Ukipima kasi, pima mara moja, maana kipimo chenyewe kinapakua na kupakia ili kijue jibu, na kwenye laini yenye kasi kinakula makumi ya MB kila unapobonyeza.

Ikiwa kweli kikomo kimefika na umeshushiwa hadi Mb 1, nyumba haijafa. Mb 1 kwa sekunde inachezesha video ya 360p bila kukwama, ikiwa iko peke yake. Neno ni hilo: peke yake. Mpe zamu mmoja, wengine wabaki na ujumbe wa maandishi. Usinunue nyongeza kwa hasira usiku. Angalia kwanza zimebaki siku ngapi. Zikiwa mbili, subiri. Zikiwa kumi, afadhali nyongeza ndogo kwa ajili ya anayesoma, na TV ibaki kwenye 360p au iende kwenye dekoda.

Mambo yakienda sawa itatokea kinyume: siku ya mwisho imefika na GB zimebaki. Kumbuka saa. Mimi nililipia saa 9 alasiri, kwa hiyo kifurushi kinaisha saa 9 alasiri, si saa 6 usiku. Kama chako kinasogeza mbele salio, lipia mapema, hadithi imekwisha. Changu hakisogezi. Basi asubuhi ya siku hiyo nasoma mita, kisha naondoa vizuizi: simu zinasasisha programu zake, mpangaji anasasisha kompyuta, masomo ya video yanapakuliwa yawekwe kwenye flashi, na TV naifungulia mpaka saa 8 na nusu. Mjukuu wangu wa kiume anaijua tarehe hiyo kuliko mimi. Anakuja chumbani ananiuliza zimebaki ngapi kabla hajanipa shikamoo.